Rihani, Si Rehani

Mwanangu Nasra,

Desturi ya barua ni kuulizana hali kwanza. Ya kwako naijua: uko chumba cha pili, umelikalia begi ili zipu ipite, na babako anakwambia ulitoe lile koti kwa sababu Dar es Salaam hakuna baridi. Ya kwangu ni kwamba nimeshindwa kutulia. Nimekaa kwenye kiti cha wateja, nimeinuka, nimechungulia dirishani, nimerudi. Alasiri yote imekwenda hivyo. Nikaona bora niandike, maana mkono wangu ukishika kitu hunituliza, na leo hata hina sina ya kukoroga.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala kufunga mlango kwa funguo. Hayo babako ameshakueleza, na shangazi yako wa Jambiani ameshakutumia kwa sauti kwenye simu, tena kwa kirefu. Mimi nataka tuzungumze habari za herufi. Najua utacheka. Unakwenda kuanza kazi kwenye ofisi ya matangazo na maboksi ya bidhaa za watu, kutwa utakuwa unachagua herufi, na mamako asiyejua kuwasha kompyuta mpaka akuite anataka kukufunza herufi! Lakini yako yaliyotupata mimi na wewe, na kila tukiyataja tunayataja kwa mzaha. Katika mzaha mengi hupita bila kusemwa.

Wewe ndiye uliyesema biashara iwe na jina. Mimi miaka yote nilikuwa Bi Zuwena wa hina, basi. Watu walinijua kwa mlango: ingia Mkunazini, uliza, utaonyeshwa ngazi. Nilichora mikono na miguu ya maharusi, nilisuka vikuba vya asumini vya kujipambia, nilifukiza nguo kwa udi, na wewe ulipomaliza chuo tukaongeza yale makasha ya manukato anayopelekewa bibi harusi siku ya hina. Ukaniambia, "Mama, makasha yetu yanakwenda mpaka Pemba, mpaka Maskati, na anayeyapokea hajui yametoka kwa nani."

Ilikuwa kweli. Nikasema basi tuiite Rihani. Mama yangu alikuwa na mrihani nyuma ya nyumba kule Jambiani, na mwari hakutolewa nje pale kijijini bila ya majani yake kutiwa kwenye nywele. Wako wanaouita mrehani, na si kosa, lakini mama hakutaka kulisikia. Alikuwa akisema, rehani ni mali ya mtu mwenye shida, anaiweka kwa mwingine mpaka aje aikomboe. Rihani ni ya mwenye furaha. Nilipokuhadithia hayo ulilipenda jina palepale. Kwa jina hatukubishana hata kidogo. Tulibishana kwa jinsi ya kuliandika.

Unakumbuka tulivyokaa? Kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, wewe umevaa kanga yangu, mimi nimekaa ubavuni kwako nakunywa chai. Ukaliandika lile jina kwa kila fonti uliyonayo, moja chini ya nyingine, mpaka skrini ikajaa. Nyingine zimenona kama maandazi. Nyingine nyembamba kama miba ya samaki. Nyingine zimeinama kama watu wanaokimbia mvua. Zilikuwepo na zile zilizojitia Uarabu, herufi za Kizungu zimevishwa nukta na mikia isiyo yao, na wewe ukazipita haraka: "Hizi ziko kwenye kila duka la vinyago, mama." Mimi nilikuwa nikisema "Mbele. Mbele," kama anayechagua kitambaa.

Mara nikaiona. Kila herufi imeota majani. R ilikuwa na tawi, h imezungukwa na kikonyo, na nukta ya i haikuwa nukta, ilikuwa jani lililojikunja mpaka likagusa shina. Wallahi moyo uliniruka. Niliiona hina yangu imekaa ndani ya kompyuta.

"Hiyo," nikasema.

"Hii?"

"Hiyo hiyo. Huoni? Ni mkono wangu mtupu."

"Nzuri, mama. Ila hii i ya mwanzo..."

"Ina nini?"

"Jani lake limejikunja sana. Hebu tuipunguze iwe ndogo kama itakavyokuwa kwenye lebo, tuiangalie kwa mbali."

"Nasra, mimi nachora majani tangu hujazaliwa. Jani haliwi jani mpaka lijikunje."

Ukasema, "Naam, mama," ukafunga kompyuta. Mimi nikalichukua lile naam nikalifanya ruhusa. Siku hizi najua kuna naam ya kukubali na kuna naam ya heshima, na mtu mzima anayezichanganya anajidanganya mwenyewe. Huko unakokwenda utakuwa chini ya wakubwa. Sikwambii uwavunjie heshima. Nakwambia tu kwamba ile siku ningefurahi, baadaye sana lakini ningefurahi, kama ungelisema lile jambo mara ya pili.

Nikaipitisha lebo mtaani kabla hatujachapisha, na nikajiona mwerevu. Nilimwonyesha kila aliyepanda ngazi. Nikawauliza, "Nzuri?" Wote wakasema nzuri, mashaallah. Wangesema nini? Mtu amekaa kwenye kiti changu, mguu wake uko mapajani mwangu, hina mbichi, hawezi hata kuinuka. Nani angenambia mbaya? Babako peke yake hakusema nzuri. Aliikuta lebo ya majaribio juu ya friji, akaisogeza mbali, akaikaribisha, akauliza, "Mmeweka nini rehani?"

Nikamwambia avae miwani.

"Nimevaa," akasema.

"Basi ivue."

Akacheka, akaenda kulala. Na wewe ulikuwa umesimama pale, ukaniangalia. Nakumbuka vizuri ulivyoniangalia.

Tukachapisha kule Darajani, karatasi nzito ya rangi ya maziwa, wino wa kahawia kama hina iliyokomaa. Sijawahi kupenda kitu cha karatasi kama nilivyozipenda zile lebo. Nilikuwa nikipita nazigusa.

Halafu ikaja harusi ya Samira, binti wa Bi Thuwaiba.

Naisimulia ingawa ulikuwepo, kwa sababu hatujawahi kuisimulia mpaka mwisho. Nyumba imejaa wanawake, viatu mlangoni huwezi kuona sakafu. Samira amekaa juu ya godoro, mikono ameinyoosha juu ya mto, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, bado mbichi. Nilikuwa nimemchorea kazi ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho, kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Makasha yetu yamepangwa kwenye masinia mbele yake, kila moja na lebo yake kwenye utepe. Wewe ulikuwa unaweka vikuba sawa. Mimi nimeshika chetezo, nafukiza.

Shangazi wa bwana harusi akainama akachukua kasha. Mama wa watu, mnene, mcheshi, sauti yake ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Akaisogeza lebo mbali na macho kama wafanyavyo wasiotaka kuvaa miwani, akasoma kwa vipande kama mtoto wa skuli: "Re. Ha. Ni." Akatazama huku na huku. "Rehani? Kumbe bibi harusi yuko rehani! Haya semeni wenyewe, tumkomboe lini?"

Chumba kizima kikacheka. Sidhani alikusudia ubaya. Alikuwa mgeni anayetaka kuchangamsha shughuli. Lakini upande wa Bi Thuwaiba hakucheka mtu, na ile sehemu iliyokuwa haicheki ilikuwa inaonekana wazi katikati ya kicheko kama shimo kwenye mkeka. Nikasema, "Ni Rihani, jamani, ni Rihani." Hakuna aliyenisikia. Nilisimama na chetezo changu nafukiza hewa.

Samira akajifunika uso kwa mikono.

Hilo ndilo hasa lililonimaliza. Mtu aliyepakwa piko mbichi hujifunza upesi kutogusa chochote, hata nzi akimtua puani. Yeye alisahau. Alipoiondoa mikono, mashavu yalikuwa yamejaa majani yangu, meusi, yamepinduka, na machozi yanapita juu yake.

Wewe ulichukua mkasi kwenye kikapu changu ukaanza kuzikata lebo moja moja. Kasha kwa kasha. Bi Thuwaiba akaingia kutoka jikoni, mikono ina unga, akamwona mwanawe, akaniona mimi. "Zuwena," akasema, "mwanangu umemwandika nini?"

Tukamsugua Samira kwa limau na mafuta ya nazi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Piko ilibaki kivuli, tukaifunika kwa poda. Ndoa ikafungwa, wali ukaliwa, watu wakaondoka wakisema shughuli ilikuwa nzuri. Mimi nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yangu yote nikamtupia yule shangazi. Hajui kusoma. Ana kiherehere. Kwa nini asiulize? Nilikuwa nazunguka humu chumbani, nachukua kitu naweka kitu. Wewe ulikaa hapo kwenye kizingiti, ukaniacha niseme yote, halafu ukasema polepole:

"Mama, hakukosea. Lile jani limeifanya i ionekane e. Alisoma kilichoandikwa."

Nilikasirika nawe kwa siku kadhaa, unajua, na sikuwa na sababu ila kwamba ulikuwa umesema kweli mbele yangu na hapakuwa na mtu mwingine wa kunitetea.

Sasa nikwambie jambo la kazi yangu ambalo sikukufunza uliponiomba nikufunze kuchora. Hina ikidondoka mahali pasipotakiwa, haifutiki. Tone moja tu, ngozi imeshaikamata. Mchoraji hafuti. Anachofanya ni kuchora ua juu yake. Kosa linakuwa petali, petali inataka wenziwe, na mteja anasema, "Hapa hasa ndipo umepapendezesha." Nimeishi kwa ufundi huo. Mikono mingi uliyoiona imejaa sana, imejaa kwa sababu hiyo. Na kidogo kidogo nikawa naufanya na nje ya hina. Nikimkwaza mtu nampelekea kisahani cha visheti. Nikichelewa shughuli ya watu naongeza vikuba. Sisemi samahani, nachora ua.

Na kwa Bi Thuwaiba nilitaka kufanya hivyohivyo. Nikatengeneza kasha zuri kuliko yote, udi wa maana, nikalifunga, nikakwambia umpelekee. Ukalikataa. Hujawahi kunikatalia kitu kabla ya siku ile.

"Nenda mwenyewe, mama. Tena nenda mikono mitupu."

"Mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu."

"Hii ya leo haifunikwi kwa kasha."

Nikenda. Nilipita njia ya mbali makusudi, nikazunguka sokoni, nikasimama kwa muuza vitunguu nisiyehitaji vitunguu vyake. Nilipofika nikapiga hodi. Bi Thuwaiba akasema karibu, lakini alibaki amesimama mlangoni.

"Nimekuja kwa ile karatasi," nikasema.

"Karatasi nshaichoma."

"Basi nimekuja kwa ile aibu."

Akanipisha. Akamimina chai. Mimi njia nzima nilikuwa nimeipanga hotuba: jani, nukta, fonti, macho ya yule shangazi. Kabla sijaanza akaniuliza, "Unajua kilichomliza mwanangu?"

"Kusomwa jina vibaya."

"Sivyo. Mume wangu alipofunga duka, mtaa mzima ulisema Samira anaolewa ili nyumba hii isimame. Walikuwa wakilisema pembeni, na yeye analisikia. Akajua siku ya hina, kwa uchache, atapumzika nalo. Likamfuata mpaka kwenye kasha lake, limeandikwa kwa maua."

Hotuba yangu yote ikanipotea. Nikasema tu kwamba nilipenda majani yangu nikasahau kwamba kuna mtu atakayeyabeba. Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia, "Kunywa chai, inapoa." Miezi ikapita, akaja mtu kutoka kwake kuniita nikampambe mpwa wake, na salamu zilikuwa hivi: aje Zuwena, karatasi zake aziache kwake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikenda bila karatasi.

Baada ya ile safari ya kwa Bi Thuwaiba ndipo tulipoanza ule uzururaji wetu wa herufi. Sikuwa na raha ndani ya nyumba, nawe ulijua, ukawa unanitoa. "Twende tukaangalie mabango." Tukapita Hurumzi, tukapita Malindi, tukasimama mbele ya maduka kama watalii katika mji wetu wenyewe. Nilikuwa sijawahi kuyaona maandishi ya mji huu. Nilikuwa nayapita. Yako mabango ya zamani yaliyopigwa rangi kwa mkono, herufi zimekaa imara mpaka rangi imekwisha na bado unasoma. Yako mapya yanayong'aa ambayo unasimama chini yake na hujui wanauza nguo au dawa. Na milango ya kale, juu kabisa ya mwimo, maneno ya Kiarabu yamechongwa pamoja na maua, na wewe ukaniuliza, "Mama, hapa mbona tunasoma na maua yapo?" Nikaangalia. Fundi alikuwa ameyaacha maua kando, yanayasindikiza maneno, hayapiti juu yake.

Lakini lililonifungua macho ni duka la kanga. Tulikuwa upande wa pili wa barabara, magari yanapita katikati, nawe ukaisoma kanga iliyotundikwa mlangoni, jina lake zima, kwa sauti, ukacheka maana lilikuwa la kumsema jirani mmbeya. Ukanishika mkono. "Mama, angalia kanga!"

"Naiangalia. Inauzwa ghali."

"Siyo hivyo. Angalia pindo lilivyojaa. Angalia mji wake, hapo katikati, ulivyojaa. Halafu angalia jina."

Nikaliangalia. Pindo lilikuwa limechafuka kwa mapambo, korosho na vidoto na nyota, hapana pa kupenyeza sindano. Na jina lilikuwa limekaa katikati ya kisanduku chake, herufi kubwa, nyeusi, zimesimama wima, hazina hata ua moja. Maisha yangu yote navaa kanga sijawahi kujiuliza kwa nini. Mwenye kanga ile anataka jirani alisome akiwa dirishani kwake! Akilikosea, kanga imepotea bure.

Ukanieleza pale barabarani, na uso wako ulikuwa unawaka, kwamba mapambo tunaweza kuwa nayo, tena mengi, lakini lazima tuyaambie yakae wapi. Nikajua siku ile kwamba Zanzibar haitakutosha. Sikukwambia. Nikasema tu kwamba njaa inaniuma, tukarudi.

Ukafanya kazi yako. Ukatafuta fonti yenye sherehe kidogo, mistari minene inayopungua na kuwa myembamba kama kalamu ya tete inavyoandika, na ukayakata majani yote ukaacha moja, kwenye mguu wa R, mahali ambapo halimzuii mtu. Matawi yangu ukayapeleka pembeni mwa lebo, yakawa pindo. Halafu ukafanya jambo ambalo mimi sikulifanya: ukashuka ngazi na lebo mkononi, ukamsimamisha kila mtu, na hukumuuliza mtu kama ni nzuri. Uliwaambia, "Hebu nisomee." Mzee wa barazani akasoma Rihani. Wasichana waliotoka chuoni wakasoma Rihani. Mzungu mmoja aliyepotea njia akasoma Rihani kwa ulimi wake mzito, na bado ilikuwa Rihani. Babako akaisoma bila miwani na akataka apongezwe.

Mimi? Nilisema nzuri. Nasra, haikuwa kweli. Nilijiona kama mti uliopogolewa. Muda mrefu nilikuwa nikipita chini ya bango tulilolitundika mlangoni kwa herufi hizo bila kuinua macho, na ule mchoro wa kwanza wenye majani ningali nikiuota. Nakwambia ili usije ukafikiri kwamba jambo likiwa sawa ndio linaacha kuuma. Lile la kwanza ndilo lililokuwa zuri. Hili ndilo letu. Nimelizoea, na siku hizi nalipenda kama unavyompenda mtu uliyeishi naye.

Nikitazama nyuma naona nimeyafanya mambo mengi ya maisha yangu kwa kuuliza, "Nzuri?" Nilipotoka Jambiani kuja mjini niliwauliza watu kama ni uamuzi mzuri. Nilipoposwa na babako niliwauliza mashoga zangu, "Yule mwanamme mzuri?" Wote wakasema mzuri. Hakuna hata mmoja niliyemwambia, hebu nisomee yule mtu, unaona nini pale. Nilibahatika tu, alikuwa anasomeka. Usiitegemee bahati yangu. Huko utakutana na watu wazuri wa kutazama, na kazi nzuri za kutazama. Rudi nyuma hatua kidogo. Soma kwa sauti.

Nimeinuka tena. Nimekwenda kuangalia kama vikuba nilivyokusukia havijanyauka. Havijanyauka. Nimerudi.

Kuna jambo hujalijua, limetokea leo ulipokuwa kwa shoga zako unaaga. Wale watu wa hoteli ya Nungwi, wanaotaka tuweke kona ya hina kwa wageni wao, meneja wao amekuja mwenyewe. Kijana wa Bara, mtaratibu, "Shikamoo mama," amekaa hapa kwenye kiti. Akanifungulia simu akanionyesha bango walilotutengenezea. Jina letu, Nasra, katika zile herufi zilizojitia Uarabu. Nukta juu, nukta chini, R imekunjwa mpaka imekosa kichwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nisomee."

Akaitazama. "Kihani," akasema. Akajishtukia, akacheka. "Rihani. Lakini mama, wageni hawasomi. Wanapiga picha tu."

"Na wasichana watakaokuja kuchora hina kila asubuhi? Wa hapohapo Nungwi, wa Tumbatu? Wao wanasoma."

Akasema herufi hizi ndizo zilizoko kwenye hoteli yote, kwenye menyu, kwenye taulo, na wakubwa wake hawatataka moja iwe mbali na nyingine. Alisema kwa adabu na nikamwelewa. Wewe unajua ninavyoitamani kona ile. Ukiondoka wewe, mguu wa wateja utapungua, na mkono wangu wa kulia siku hizi unachoka mapema. Sikukwambia, nakwambia sasa. Ilikuwa rahisi sana kusema nzuri.

Nikampa lebo yetu. Nikamwambia awapelekee wakubwa wake, nami nitakuja Nungwi jina langu likija hivi, na lisipokuja hivi sitakuja. Akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akasema atapiga simu kabla ya magharibi.

Hajapiga. Magharibi imeshaadhiniwa, nimeshasali, nimerudi kuandika, na kila simu ya babako ikilia naruka. Huenda nimelipoteza. Nilipofunga mlango nyuma yake nilicheka peke yangu, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwita ulikuwa wewe. Ndipo nikakumbuka kwamba kuanzia kesho nitakuwa nafanya hivi peke yangu: nasema jambo, halafu sina wa kumtazama usoni nijue kama nimesema sawa. Sijui kama nitaliweza. Nimeanza leo ili nijaribu ungali upo nyumba moja nami.

Kesho bandarini watu watakuwa wengi, babako atakuwa anapigania begi na wapagazi, na utanisikia nakuambia habari za chaja, na mkate wa mofa niliokufungia, na usikae upande wa jua. Nitasema hayo kwa sauti kubwa na nitayarudia, kwa sababu mbele za watu sijui kusema mengine. Nisamehe, itikia tu naam. Halafu boti ikishaondoka, fungua hii.

Mamako,
Zuwena